Ndiyo ya Mkwe

Kwetu mama hazungumzi na mume wa binti yake. Sisemi hawapendani, nasema hawazungumzi. Hawatazamani, hawali meza moja, hawakai kiti kimoja, na wakikutana kwenye kijia mmoja wao anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Vijana wa mjini siku hizi wanatucheka. Wanawapigia mama wakwe zao simu na kutaniana nao kama watu waliochunga ng'ombe pamoja. Haya, wataniane. Mimi Teodora nimezaliwa Kitandililo, nimeolewa Kitandililo, na mama yangu alikufa bila kulitamka hata mara moja jina la mume wangu. Alimwita "yule wa huko". Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kwamba mtu mwenye adabu anaishi.

Msidhani lakini kwamba maneno hayafiki. Yanafika, ila yanapitia kwa mwingine. Binti akiwepo, unamwambia yeye: mwambie mwenzako hivi na hivi, na mwenzake amekaa pale pale anasikia kila kitu. Asipokuwepo mtu, unakiambia chochote kilicho karibu. "Wewe mbwa, mwambie mwenye nyumba mvua inakuja." Mbwa anajikuna, mwenye nyumba anaanua mahindi, na heshima inabaki mahali pake.

Mkwe wangu anaitwa Edson. Kwao ni Mlangali, ni Mlutheri, na nilipoletewa habari kwamba binti yangu Priska kampata Mlutheri nilinuna siku kadhaa, kisha nikameza. Alikuwa kijana mtaratibu. Waliishi Lyamkena, pale Makambako, na kazi yake ilikuwa gari. Alikuwa na Noah aliyoiendesha kwa kukodiwa: leo maharusi, kesho msiba, keshokutwa mgonjwa wa kupelekwa Njombe. Kwa kuwa jina lake sikuweza kulitaja, nilimwita "mwenye gari".

Ilikuwa Noah ya zamani, zile ambazo injini iko chini ya viti vya mbele. Fundi akitaka kuiona injini hafungui boneti, ananyanyua kiti cha dereva kama mtu anayefunua sufuria. Mlangoni ilikuwa bado na maandishi ya Kijapani ambayo Edson hakukubali yabanduliwe. Alisema imetoka upande wa Japani wenye theluji, na ndiyo sababu iliwekewa hita mbili, moja mbele na nyingine huko nyuma chini ya viti. Mimi habari za theluji sizijui. Nilichojua ni kwamba mara ya kwanza nilipoipanda ilikuwa mwezi wa saba, sakitu, umande ulioganda, imetanda shambani nyeupe pee, nikakaa kiti cha mwisho kabisa cha dirishani, kwa sababu mama mkwe hakai karibu na dereva, na miguu yangu ikapata moto. Moto wa kweli, wa jikoni. Tangu baba yake Priska afariki sikuwa nimepashwa miguu na mtu.

"Priska," nilisema kwa sauti ya kufika mbele, "mwambie mwenye gari, gari lake ni baraka."

Niliona masikio ya Edson yanasogea. Alikuwa anatabasamu.

Gari alilitunza, hilo simnyimi. Oili ilibadilishwa kabla haijawa nyeusi. Matairi aliyakagua kila asubuhi kwa kuyapiga teke na kuyainamia. Abiria akipanda na matope aliombwa, kwa upole, ajifute. Watu walimtania kwamba angeweza angelala nalo kitanda kimoja. Lakini mashine ni mashine. Mwaka ule, kuelekea baridi, Noah ikaanza kuchemsha. Ikipanda kilima tu, mshale unapanda, maji ya rejeta yanapungua, na hakuna anayeona yanakokwenda. Edson akaipeleka kwa fundi wake hapo Lyamkena, mtu anayeitwa Ambrose, ambaye amekuja huku kutoka pwani.

Huyo Ambrose alilala chini ya gari akagundua kwamba mirija inayopeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma imeliwa na kutu. Ni mirija mirefu, inapita chini ya sakafu yote, na kuipata mingine si jambo la siku moja. Basi akaikata. Akaunganisha mpira mfupi pale pale mbele ili maji yarudi kwenye injini bila kupita kwenye hita yoyote, ya nyuma wala ya mbele. Akaing'oa na themostati, kile kidude kinachozuia injini isipoe kupita kiasi, akakitupa.

"Hita ya nini Afrika?" alimwambia Edson. "Wenzako wanalilia AC."

Mwanaume huyo amezaliwa mahali ambapo watu wanalala madirisha wazi. Hapa Makambako anavaa makoti mawili na kofia ya sufu mpaka Oktoba, halafu anauliza hita ya nini! Nikimfikiria mpaka leo damu inanipanda. Lakini gari liliacha kuchemsha, wateja walikuwa wanangoja, na Edson akakubali.

Hayo yote niliyajua baadaye. Nilichokijua wakati ule ni miguu yangu. Tulikuwa tunakwenda Njombe kwenye jubilei ya mtawa mmoja wa ukoo wetu, Priska mbele na tumbo lake limeanza kuonekana, mimi nyuma, na baridi ikanipanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini.

"Priska, mwambie mwenye gari miguu yangu imekufa."

Priska akasema. Edson akajibu kwa kumwambia Priska, "Mwambie mama nimesikia. Itashughulikiwa."

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nilikuwa nimeuza viazi vyangu sokoni Makambako, na Edson akatumwa na mkewe anirudishe Kitandililo. Tulikuwa wawili tu. Hapakuwa na mbwa wala kuku, kwa hiyo nilizungumza na gari.

"Noah," nilisema, "mwambie mwenye wewe: ile hita, imepona?"

Gari likapita kwenye matuta, moja, jingine.

"Noah," akasema, "mwambie mama, ndiyo."

Ilikuwa saa sita mchana na jua lilikuwa linapiga kwenye kioo, wala sikuwa na haja ya moto. Nikaridhika. Nikashuka nyumbani nikiwaambia majirani kwamba mkwe wangu haambiwi mara mbili.

Sasa nieleze jambo hili vizuri, maana ndipo kila kitu kilipoharibikia. Mkwe hamwambii mama mkwe wake hapana. Hana neno hilo kinywani. Ukimwomba mbuzi anasema ndiyo, halafu anakwenda kuhangaika kumtafuta huyo mbuzi. Ukimuuliza kama amekula anasema ndiyo, na tumbo linamnguruma. Edson hakunidanganya kama mwizi anavyodanganya. Alikuwa ameshamwagiza Ambrose amtafutie mirija, alitaka nikipanda tena nikute moto, na kwake yeye ile ndiyo ilikuwa ahadi. Mimi nilimuuliza habari, yeye akanijibu heshima. Wazee wanasema heshima si utumwa, na mimi nimelisema neno hilo mara nyingi kuliko wao.

Priska alijifungua Julai, baridi ikiwa kali, kabla ya siku zake, mbali sana na siku zake. Presha ilimpanda ghafla usiku, Edson akamkimbiza hospitali hapo Makambako, wakampasua. Mimi niliitwa nikafika alfajiri kwa bodaboda, mdomo umeganda hata salamu haitoki. Priska alikuwa amelala bila fahamu nzuri, amepoteza damu, hawezi kuinuliwa. Mtoto alikuwa hai. Wa kiume. Nesi alinifunulia shuka nimwone, na mimi niliyezaa na kuzalisha wengine nilishika ukuta. Alikuwa mdogo kuliko kuku wa kuchinja. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba mno, na mkono wake wote ungeweza kupita kwenye pete yangu ya ndoa.

Yule nesi aliitwa sista Esnath. Alitueleza bila kuzungusha: mtoto anapumua mwenyewe, hilo ni jema, lakini anatakiwa chumba cha watoto njiti, na chumba hicho kiko Njombe. Ambulensi ilikuwa imekwenda kwenye ajali upande wa Iringa na haijulikani itarudi lini, na nesi wa kusindikiza wagonjwa ndiye aliyekwenda nayo. Yeye mwenyewe alikuwa peke yake na wodi nzima ya wazazi.

"Adui wa mtoto huyu ni baridi," alisema. "Akipoa tu, tunampoteza. Mnalo gari?"

"Lipo," nikasema.

"Lina hita?"

Edson alikuwa amesimama mlangoni, amenipa mgongo kama inavyopasa. Mimi ndiye niliyejibu. Nilijibu kwa fahari, Mungu anisamehe.

"Lina hita, sista, mpaka miguuni kwa viti vya nyuma. Ilikuwa mbovu, imetengenezwa."

Niliona Edson anageuza shingo. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akatazama sakafu. Nilidhani anaona haya kusifiwa mbele ya mtu mgeni. Mkwe atawezaje kumkana mama mkwe wake hadharani, kwamba asemalo si kweli? Hata mimi nilipokuwa mwali sijapata kuona.

"Vizuri," sista Esnath akasema. "Hata hivyo, mama, wewe umweke kifuani. Ngozi kwa ngozi, nguo ya juu ufungue, halafu mfunikwe wote wawili. Kifua cha mtu kinashinda hita. Umenielewa?"

"Ndiyo, sista," nikasema.

Nilimwelewa. Lakini kufungua blauzi ndani ya gari la mkwe, yeye yupo mbele na kioo chake cha kutazama nyuma? Nilijua kabisa sitafanya hivyo. Nilimviringisha mtoto kwa vitambaa vya sufu, na khanga, na blanketi, nikamwita Yesu na Bikira Maria, nikapanda kiti changu cha mwisho. Hita si ipo?

Tulitoka jua likianza kuchomoza. Nyasi za pembeni zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na moshi wa majiko ulikuwa umelala chini, haupandi. Nikangoja miguu yangu ipate moto. Tukaiacha Makambako nyuma yetu. Nikaendelea kungoja.

"Noah," nikasema, "mwambie mwenye wewe afungulie hita."

Nikasikia swichi inazungushwa. Feni ikaanza kuunguruma chini ya kiti, na upepo uliotoka ulikuwa wa baridi kuliko ule wa nje. Ulinipiga kwenye vifundo kama maji ya kisimani.

"Noah, mwambie afungulie ya moto, siyo ya baridi."

Nikamwona kwenye kioo. Jasho lilikuwa linamtoka, kwenye baridi ile.

"Noah," akasema, "mwambie mama... mirija ilikatwa. Kule kwa fundi. Haijapatikana mingine."

Kwa muda sikuelewa. Nilirudia kichwani: ilikatwa, haijapatikana. Halafu nikaelewa yote kwa pamoja, jua la mchana siku ile ya viazi, na ile ndiyo, na sista Esnath akisema vizuri. Hasira iliyonishika sijawahi kuwa nayo hata kwa mtu aliyeniibia. Nilitaka kumrushia kiatu. Nikaingiza kidole ndani ya blanketi kutafuta mguu wa mtoto. Ulikuwa baridi. Nikamfunua uso: midomo yake ilikuwa inageuka rangi, na ile sauti ndogo aliyokuwa akiitoa tangu hospitali, kama ya paka mchanga, ilikuwa imekoma.

Nikafikiria kumbatiza pale pale. Chupa ya maji ilikuwa miguuni pangu. Nikaigusa, ilikuwa kama barafu, na sikuthubutu.

"Edson!" nikaita.

Jina lake. Sikuwahi kulitamka tangu amwoe Priska. Breki zilishikwa mpaka tukayumba, gari likasimama pembeni mwa barabara, na yeye akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyepigwa.

"Edson, nakuuliza wewe, siliulizi gari. Humu ndani joto liko wapi?"

"Mbele, mama." Alisema akitazama usukani. "Injini iko chini ya viti hivi. Kiti hicho cha abiria kinachoma gari likienda muda kidogo."

Kiti hicho, ubavuni pake. Nikashuka. Nikafungua mlango wa mbele, nikaweka kiganja kwenye kiti, na kweli palikuwa na joto, si jingi, maana yule Ambrose alikuwa amefanya mpaka injini isipate moto vizuri, lakini lilikuwa joto.

"Shuka ukasimame nyuma ya gari mpaka nikuite," nikamwambia.

Akashuka. Nikapanda. Nikavua sweta, nikafungua blauzi, nikafungua na vingine vya ndani, mwanamke wa umri wangu, kando ya barabara kuu ya Njombe. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimeuficha kuanzia Makambako. Nikamtoa mtoto kwenye yale masufu yote nikamlaza katikati ya kifua changu. Alikuwa kama jiwe la mtoni. Nilishtuka mpaka nikapiga ukelele. Nikamfunika kwa blauzi na sweta na blanketi, lakini blanketi lilikuwa fupi na mabega yangu yalibaki wazi. Nikamwita dereva.

Alipanda ameugeuza uso wake kwenye dirisha lake la kulia, na hivyo ndivyo alivyoendesha. Kichwa kimegeukia kulia, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea kwenye mashamba ya upande ule. Barabara aliitazama kwa jicho moja. Mimi nilikuwa namhesabia mtoto pumzi, nikilia, nikisema naye Kibena, nikimwita babu, nikimwita chifu.

Karibu na Mtwango tukalikuta lori la mbao likipanda kwa kujikokota. Edson akatoka kulipita. Tukawa sambamba nalo, tukalipita kichwa, na mbele yetu kwenye kilele likatokea basi. Alitakiwa arudi kushoto. Ili arudi kushoto alitakiwa akitazame kioo cha kushoto, ajue kama lori amelimaliza. Na kioo cha kushoto kiko upande wangu. Hakukitazama. Nilimwona anang'ang'ania, shingo imekakamaa, anasikiliza kwa masikio lori liko wapi, na basi linatujia na taa zinawaka.

"Tazama kioo!" nikamfokea. "Tazama huku! Aibu ni yangu, nimeibeba mimi! Unataka kutuua kwa adabu?"

Akageuka. Akanitazama, mabega na kifua na mtoto na machozi, kisha akakitazama kioo, akaingiza gari kushoto. Basi likapita likipiga honi ndefu. Baada ya pale aliendesha vizuri, akitazama kila panapotakiwa kutazamwa.

"Kwa nini uliniambia ndiyo?" nikamuuliza.

"Ningekwambiaje hapana, mama?"

"Kwa mdomo."

"Nilikuwa naitafuta ile mirija. Nilisema nikiipata itakuwa kweli." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Pale hospitali nilitaka kusema. Ulikuwa umeshasema wewe."

"Nisikilize, Edson. Kuanzia leo nikikuuliza kitu, na jibu ni hapana, unaniambia hapana. Unanitazama usoni, unasema hapana. Sitaki ndiyo yako ya adabu tena. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Ningecheka kama ningeweza. Wakati ule ule nikasikia kitu kinajikunja kwenye kifua changu, mguu, kisha kile kilio cha paka, dhaifu lakini kipo. Nikamwambia Edson. Naye akaanza kulia kwa sauti kama mtoto, anaendesha analia, tukapita mashamba ya chai ya Kibena na tukaingia mjini Njombe hivyo, dereva analia, mama mkwe mabega wazi kiti cha mbele. Watu walitutazama. Wangetufanya nini?

Walimpokea haraka, maana sista Esnath alikuwa amewapigia simu. Mtoto alikuwa amepoa, walisema, lakini yupo. Nesi mmoja aliniuliza ni nani aliyemshika kifuani, nikamwambia ni mimi, akasema nimefanya vyema. Manesi walikuwa na maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Niliomba ruhusa, nikambatiza mwenyewe, nikampa jina la babu yake, Filbert. Edson alisimama karibu na hakupinga, pamoja na Ulutheri wake.

Tukaambiwa kwamba nje ya saa za kulazwa kwenye mashine ya joto mtoto abebwe kifuani mchana na usiku. Priska alikuwa bado Makambako, hajaweza kukaa. Kwa hiyo tulipokezana, mimi na mkwe wangu. Siku ya kwanza nesi alipomwambia Edson avue shati, alingoja mpaka nitoke chumbani. Siku ya pili hakungoja. Nilimpa mtoto mkononi mwake, nikamrekebisha kichwa cha mtoto kwenye kifua chake, nikamfunika. Alikuwa na kovu chini ya shingo ambalo sikuwahi kulijua. Akinyamaza sana namwita, nikichoka sana ananiita. Jioni alimpigia Priska simu na kumsimulia kila alichofanya mwanaye, alivyopiga chafya, alivyokunja kidole, na Priska alikuwa anauliza tena na tena atakuja kuchukuliwa lini. Kuna siku tulicheka wote watatu kwenye simu ile.

Kisha kifua cha mtoto kikaanza kubana. Daktari, kijana mwenye miwani, alituambia mapafu yake yalikuwa hayajakomaa na sasa yameingiwa na maradhi. Nilimfuata nje kwenye korido nikamuuliza bila kupindisha: ni ile baridi ya njiani? Alivua miwani akaifuta. Akasema watoto kama hawa hupata haya hata wasipopoa. Nikamuuliza tena. Akasema, "Pengine, mama. Sijui." Edson alikuwa nyuma yangu na alisikia.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yake. Nilimwacha amekaa kwenye kiti cha wodi, mtoto kifuani, shati limefunguliwa, blanketi juu, nikatoka kwenda kununua uji kwa mama mmoja anayeuza nje ya geti. Palikuwa na foleni. Nilimlalamikia mwenye uji kwamba haujaiva, akaniongezea sukari ili ninyamaze. Nikarudi na chupa mkononi.

Edson alikuwa amesimama koridoni. Mikono yake ilikuwa mitupu, inaning'inia. Shati lilikuwa bado wazi, kifua chote wazi, na watu wanampita, na hakujaribu kujifunika. Nyuma yake mlango wa wodi ulikuwa umefungwa.

Nilijua. Mwanamke anajua. Lakini nilimuuliza, kwa sababu nilimtaka aniambie ndiyo, ile ile ndiyo yake ya zamani, ya mchana wa viazi. Ningeipokea. Ningeingia nayo ndani.

"Edson, anapumua?"

Aliinua macho akanitazama usoni, kama nilivyomwagiza.

"Hapana, mama."

Niliweka chupa ya uji chini, nikamfunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, maana nje kulikuwa na baridi, na ilikuwa lazima twende Makambako kumwambia Priska.